Duka la Pembejeo na Kalenda Zake Mbili

Leo, wasikilizaji, nakupelekeni Kidichi, hapa Unguja.

Najua nikisema Kidichi wengi wenu mnaliona hamamu. Lipo, na kuba zake na nakshi zake za Kiajemi, alilolijenga Sayyid Said karne ya 19 kwa ajili ya mkewe, binti wa kifalme kutoka Uajemi. Watalii wanateremka pale, wanapiga picha, wananusa mdalasini, wanavishwa kofia za makuti, wanarudi hotelini. Mimi juzi hamamuni sikufika. Mvua ya masika ilinikuta barabarani, nikajibanza kwenye duka la pembejeo lenye mlango mmoja, na ikanifungia humo saa nzima. Haya nitakayokusimulieni yametoka kwenye saa hiyo.

Nilikuwa bado najikung'uta maji alipoingia mama mmoja, kanga imemganda mabegani. Kijana mwenye duka akamwamkia, salamu zikapita kwa kirefu kama desturi: watoto hawajambo, mgonjwa anaendeleaje, na yule wa Pemba kesharudi? Kisha mama akafungua pindo la kanga. Nilitaraji atoe pesa. Akatoa jani la mtungule.

Kijana hakugusa rafu. Alilichukua lile jani akaliinua kwenye mwanga wa mlangoni, akaligeuza huku na huku. Nami nikasogea kuchungulia. Baina ya ngozi ya juu ya jani na ya chini palikuwa na vijia vyeupe, vimepinda kama ramani ya Mji Mkongwe, na mwisho wa kijia kimoja kitu cha kijani, chembamba, kikijivuta.

"Yumo," kijana akasema.

"Najua yumo. Nipe ile dawa ya siku ile, ya mstari wa njano."

"Ushapiga mara ngapi, mama?"

"Mara tatu."

"Hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo, mwanangu. Si ndiyo uliyonipa?"

"Basi kashaizoea. Leo sikupi hiyo."

Mdudu mwenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika Kusini, Tanzania alionekana mwaka 2014, na wenzetu wa Bara wanamwita kantangaze. Ubaya wake ni kwamba funza wake hukaa ndani ya jani, na dawa unayopuliza kwa juu inamfikia kwa shida. Ukimpiga dawa moja mfululizo, wale wachache wanaosalimika ndio wanaozaa, na watoto wao wanaiona dawa hiyo kama umande. Na usidanganyike na chupa. Chupa inaweza kubadilika jina, rangi na picha, lakini ndani dawa ni ile ile. Yataka mtu wa kusoma yale maandishi madogo nyuma ya lebo, tena awe anaelewa anachokisoma.

Kijana akampa paketi ndogo ya dawa ya kundi jingine. Akamwambia kwanza ayachume majani yote yenye vijia ayachome, halafu apige jioni, jua likishapungua makali. Kisha akachana kipande cha boksi, akaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, akamkabidhi: "Kabla ya siku hii usichume tungule hata moja, hata akija mteja na gari." Ile paketi, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa rahisi kuliko chupa aliyoijia mama. Kwa hesabu ya siku ile kijana alipunguza mauzo yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Sasa, wasikilizaji, watu hupenda kuniuliza: maduka haya madogo ya pembejeo yanaishije, na mjini kuna maduka makubwa yenye kila kitu? Kwa bei, hayawezi. Nilimuuliza kijana naye hakunificha. Mfuko wa mbolea unatoka Dar es Salaam, unapakiwa, unavuka bahari, unapakuliwa, unalipiwa, mchukuzi anachukua chake, gari linachukua chake, mwenye duka la jumla anachukua chake, na huyo wa Kidichi ndiye wa mwisho kwenye foleni. Akijaribu kumpiga mwenye duka la mjini kwa bei, mwezi wa pili anafunga.

Lakini duka la mjini linauza mfuko, kilo 50, na hapa ndipo mambo yanapogeuka.

Hebu tukumbuke Kidichi ni ardhi ya nani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iliyatwaa mashamba makubwa ikawagawia watu eka tatu tatu. Nusu karne na zaidi imepita. Aliyepewa zile eka tatu ameshatangulia mbele ya haki, kaacha watoto saba, na hao watoto wana watoto. Mirathi imefanya kazi yake, na mji nao unapanda kutoka Bububu, nyumba ya tofali inaota pale uliposimama mnazi. Mteja wa leo ana matuta sita ya mchicha, mistari minne ya tungule, migomba nyuma ya jiko, na pengine mashina mawili ya iliki anayowaonyesha wageni. Mtu kama huyo kilo 50 za urea atazifanyia nini? Atazitia chini ya kitanda, na kwa unyevu wa masika, baada ya mwezi amelalia jiwe.

Kwa hiyo kifaa chenye thamani kuliko vyote dukani mle ni mizani. Kilo moja, nusu kilo, robo, unapimiwa mbele ya macho yako, unakwenda. Wako waliougundua mlango huu zamani. Siaya, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1990, mradi mmoja wa jamii uliojulikana kwa ufupi kama SCODP ulianza kufunga mbolea kwenye vipakiti vidogo vya kumfaa mkulima wa kipande kidogo cha ardhi. Wakulima ambao watu walisema hawataki mbolea wakaonekana wanainunua. Tatizo lao lilikuwa ukubwa wa mfuko.

Hapa niseme neno ambalo baadhi ya wenye maduka hawatalipenda. Mizani ni ya mbolea. Dawa ya wadudu na dawa ya magugu hazimiminwi. Nimeona kwa macho yangu, na wala si Kidichi, dawa ya magugu ndani ya chupa ya soda, haina lebo, imezibwa kwa nailoni, imewekwa dirishani usawa wa mkono wa mtoto wa miaka minne. Mwenye duka ananiambia eti wateja ndivyo wanavyotaka. Mwongozo wa kimataifa wa FAO na WHO unakataza kabisa kutia dawa hizi kwenye vyombo vya vinywaji, lakini mtu hahitaji Geneva kumwambia hilo. Kama mteja anataka kidogo, mtafutie kwa muuzaji wa jumla kichupa kidogo kilichofungwa kiwandani, na kama hakipo, mwambie hakipo.

Turudi kwenye lile jiwe la urea, maana lina kisa.

Mvua ilipokuwa imeshika hasa akaingia mzee, kofia ya mkono, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Alitaka kilo tatu za mbolea ya kukuzia. Kijana akafungua mfuko, akachota, na ndani ya kile kikombe cha kuchotea mkawa na mabonge. Mzee akarudi nyuma hatua moja. "Hii mmeichanganya," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyelijua jambo hili siku zote.

Kijana hakubishana. Alichukua bilauri, akatia maji ya kunywa, akalivunja bonge moja kwa vidole, akatia vijiko viwili, akakoroga, akampa mzee aishike. Mzee akaishika, akaigeuza, akatazama chini ya bilauri. Maji meupe, hakuna mchanga, hakuna chokaa. Kisha nikaona uso wake umebadilika. "Mbona ya baridi?" Kwa kweli ilikuwa baridi, nami nilipewa nikaishika, kama imetoka kwenye friji. Ndiyo tabia ya urea: ikiyeyuka inanyonya joto la maji. Si kipimo cha maabara kile, na fundi wa udanganyifu anaweza kukipita. Ila mzee alinunua kilo tatu zake, akatoka na mwavuli wake wa ubavu mmoja.

Nikuambieni kwa nini bilauri ile imekaa kichwani mwangu. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa Uganda uliozungumzwa sana: urea iliyonunuliwa madukani ilipopimwa, ilionekana kwa wastani imepungukiwa na asilimia 30 ya naitrojeni iliyopaswa kuwamo. Kila mtu akasema, mnaona? Tunaibiwa. Lakini mwaka 2021 ukatoka utafiti mwingine, wa hapa hapa Tanzania, mkoani Morogoro. Watafiti walinunua mbolea duka kwa duka, wakaipeleka maabara, na urea ikaonekana karibu yote ni nzima, kile kilichoandikwa kwenye mfuko kimo. Walipowauliza wakulima, wakulima wakasema nyingi ni mbovu. Sababu kubwa ilikuwa sura yake: mabonge, rangi iliyobadilika, vumbi. Mbolea imekaa vibaya ghalani, imepigwa na unyevu, na mteja anasoma usaliti.

Na kama Morogoro kuko hivyo, itakuwaje kisiwani, ambako chumvi ya mezani yenyewe hulia maji? Urea inavuta unyevu wa hewa. Ukiiweka sakafuni, imeegemea ukuta wa chokaa, mwezi wa Aprili, umeiharibia jina bila ya kuiongeza hata chembe ya mchanga. Nilitazama chini ya mifuko ya yule kijana. Alikuwa amepanga mbao, na baina ya mifuko na ukuta pana nafasi ya mkono kupita. Mbao zenyewe za makreti, za bure. Kwa maoni yangu zile mbao zinamletea wateja kuliko bango lolote angelipaka rangi mlangoni.

Mimi nami nina la kusimulia. Mwaka mmoja nilinunua mbegu za tikiti kwenye duka moja la mjini, duka lenye vioo. Kopo zuri, picha ya tikiti jekundu, lakini lilikuwa limekaa dirishani juani sijui tangu lini. Nikapanda mashimo sitini, yakaota kumi na moja. Nilirudi kulalamika, nikaambiwa huenda nimepanda vibaya. Huenda. Lakini tangu siku hiyo sipiti hata upande ule wa barabara. Bei yao ilikuwa nzuri sana.

Sasa kalenda. Ukutani kwa yule kijana zimetundikwa mbili, moja ya miladia na moja ya hijria, na zote zimechorwa-chorwa kwa kalamu mpaka siku hazionekani. Nikamuuliza mbili za nini. Akanitazama kama mtu aliyeuliza ndoo ya nini kisimani.

Ya miladia ni ya mvua na watalii. Masika inaanza Machi, vuli Oktoba. Mboga za Kidichi zinakwenda sokoni Darajani na Mwanakwerekwe, na nyingine hotelini. Lakini Aprili na Mei, wakati mvua inanyesha na shamba linataka mbegu na mbolea, ndio wakati hoteli nyingi zimefunga milango kwa matengenezo na mnunuzi wa mboga hapokei simu. Yaani mkulima anahitaji pembejeo mwezi ule ule mfuko wake ulio mtupu. Ikifika Agosti, pesa ipo, hoteli zimejaa, ila kazi ya masika imeshapita.

Ya hijria ni ya futari. Ramadhani muhogo, ndizi, magimbi na viazi vitamu hupanda bei hata mchuuzi mwenyewe huona haya kuitaja, na tikiti hugombaniwa. Lakini Ramadhani haikai mahali pamoja, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na mwaka 2030 panapo uhai tutafunga mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Mkulima anayetaka muhogo wa futari lazima ahesabu nyuma miezi tisa na zaidi. Wa tikiti, siku themanini hivi. Hesabu hiyo mwaka mmoja inaangukia vuli, miaka michache baadaye inaangukia kiangazi, ambako bila ya kumwagilia hupati kitu. Kijana anaifanya mapema, anaiandika, na mbegu za tikiti zinafika dukani kabla mtu hajaziulizia. Duka la mjini linaagiza mzigo kwa kalenda moja.

Kuhusu huo mfuko mtupu wa Aprili, kuna jaribio mashuhuri lililofanyika Busia, Kenya. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwaendea wakulima mara tu baada ya mavuno, pesa ikiwa bado mkononi, wakawauzia mbolea ya msimu unaofuata kwa bei ya kawaida, kitu pekee cha ziada kikiwa kufikishiwa nyumbani bure. Mradi ukaitwa SAFI. Walionunua waliongezeka sana, kiasi cha kulingana na kupunguziwa bei kwa nusu baadaye katika msimu. Wawili kati ya watafiti hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Yule kijana habari za Nobel hana, lakini Agosti hupita kwa wateja wake na baiskeli: "Nipe ya masika, nitakuwekea." Anawapa karatasi yenye jina na kilo. Wakija Aprili wanachukua chao. Jirani yake, naye ana duka, alijaribu akashindwa kwa sababu watu hawakuthubutu kumwachia pesa miezi minane.

Na wasiolipa mapema wanakopa. Hapo mimi huogopa kidogo, maana visiwa hivi vimewahi kuungua kwa deni la shamba. Wenye mikarafuu walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi kwa dhamana ya mavuno na ardhi, mpaka mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria kuzuia mashamba yasiwaendee wakopeshaji, na mvutano wa karafuu uliofuata ukazaa mgomo wa wafanyabiashara mwaka 1937. Madeni ya kwenye daftari la kijana ni madogo kuliko hayo. Bei yake moja, taslimu au mwisho wa mwezi, riba hataki kuisikia. Hasara ya kungoja anaibeba yeye, na kwa sababu anaibeba yeye, hakopeshi zaidi ya kilo tano, wala hakopeshi dawa kwa mtu ambaye shamba lake hajawahi kuliona. Naye mwenyewe anachukua baadhi ya vitu mjini kwa mali kauli, kwa hiyo akikwama mteja, amekwama yeye.

Mbolea ya mpunga haweki. Kilimo si jambo la Muungano, na serikali ya Zanzibar ruzuku yake imeielekeza zaidi kwenye mpunga, kwa mbegu, mbolea na matrekta. Mabonde ya Bumbwisudi hayako mbali, na atakayejaribu kuuza bei kamili karibu na bei ya ruzuku atakaa na mifuko yake. Amewaachia. Yeye ni wa mboga, viungo na kuku.

Vipando vya muhogo navyo haviuzi. Taasisi ya utafiti wa kilimo iko Kizimbani, mwendo wa baiskeli, na humo zilitoka mwaka 2007 mbegu za kustahimili maradhi: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Nyuma ya duka ana mistari miwili; ukitaka unakata, unakwenda. "Muhogo ukishaupanda mara moja, jirani hatonunua kwangu, atakata kwako," akaniambia. "Lakini akija kukata hapa, atapita mlangoni."

Mvua ilipoanza kupungua alitoa lile daftari kuandika kilo za mzee, maana mzee naye, kumbe, hakulipa. Nikainama kuangalia mwandiko. Ukurasa wa kushoto, mstari wa nne kutoka chini, nikaliona jina langu. Kilo mbili za kukuzia, tangu vuli. Hakunikumbusha saa nzima niliyokaa pale.

Mimi kesho asubuhi, panapo majaaliwa, nipo kwenye gari ya Bububu.